Mstari wa Miaka 80

Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980, iliyopitishwa chini ya serikali ya Margaret Thatcher, iliwapa wapangaji wa halmashauri nchini Uingereza haki ya kununua nyumba walizokuwa wakiishi, tena kwa bei ya punguzo. Aliyeishi katika nyumba kamili, si fleti, kwa kawaida alipata nyumba na kiwanja chake. Aliyeishi ghorofani hakupata ardhi. Alipewa lizi ya miaka 125, na kodi ya ardhi isiyozidi pauni 10 kwa mwaka. Kwa mtu wa makamo aliyekuwa akisaini karatasi hizo, miaka 125 ilikuwa sawa na milele.

Lizi iliyoanza mwaka 1981 itakwisha mwaka 2106. Maana yake mwaka 2026 inabakiza miaka 80. Zaidi ya hapo, sheria iliiruhusu halmashauri kuzipa fleti zilizouzwa baadaye katika jengo hilohilo lizi zinazokwisha siku moja na ile ya kwanza, ili jengo zima liwe na tarehe moja ya mwisho. Kwa hiyo aliyenunua mwaka 1990 akidhani ana miaka 125 yake huenda aliuziwa 116, na mnunuzi aliyekuja baada yake hakushughulika kuangalia. Wenye fleti hizo leo wengi si wapangaji wale wa zamani. Ni wanunuzi wa pili na wa tatu waliofuata bei nafuu, na miongoni mwao wamo Waafrika Mashariki wa London ambao fleti ya zamani ya halmashauri ndiyo mali yao ya kwanza ughaibuni.

Miaka 80 ni muda mrefu kuliko uhai uliobaki wa karibu kila anayeumiliki. Kwa nini basi mawakili wa nyumba Uingereza huutaja mstari huo kwa wasiwasi? Kwa sababu ukivuka chini yake, bei ya kurefusha lizi inaweza kukaribia kuongezeka maradufu, na fleti yenyewe haijabadilika hata rangi ya mlango.

Lizi ya Kiingereza ni haki ya kukaa na kuuza kwa muda uliowekwa. Muda ukiisha, fleti inarudi kwa mwenye ardhi, awe halmashauri, kampuni ya uwekezaji, kanisa au lodi. Mnunuzi analipa bei ya soko kama anayenunua nyumba, lakini kisheria ananunua muda, na muda huo unapungua kila siku. Nchini Uingereza pekee, nyumba karibu milioni 5 zinashikiliwa kwa njia hii, nyingi zikiwa fleti.

Asili yake si ulafi peke yake, ingawa ulafi umekuwepo wa kutosha. Tangu kesi ya Austerberry dhidi ya shirika la mji wa Oldham mwaka 1885, mahakama za Uingereza zimeshikilia kwamba wajibu wa kutenda jambo, kama kutengeneza paa au kuchangia gharama ya ngazi, haumfuati kila anayenunua ardhi ya umiliki huru. Bila lizi, jirani wa ghorofa ya juu angeweza kuuza na kuondoka, na mnunuzi wake akakataa kuchangia paa. Lizi iliziba pengo hilo. Uskoti hawakuhitaji dawa hiyo. Huko mtu huimiliki fleti yake moja kwa moja, na majengo hayajaanguka. Uingereza na Wales zilianzisha umiliki wa pamoja usio na ukomo wa muda mwaka 2004, lakini majengo yaliyoufuata hayafikii hata 30. Wajenzi hawakuona sababu ya kuuza ardhi na jengo kwa mara moja wakati wangeweza kuuza mara mbili: fleti kwa wakaaji, na ardhi pamoja na kodi zake kwa mwekezaji.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaijua lizi, ila mwenye ardhi wake ni mwingine. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inamzuia asiye raia kushika ardhi kwa zaidi ya lizi ya miaka 99. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa raia ambaye lizi yake ya ardhi ya umma inaisha nafasi ya kwanza ya kupewa tena ardhi ileile, ilimradi serikali kuu au ya kaunti haiihitaji kwa manufaa ya umma. Tanzania, hatimiliki ya miaka 33, 66 au 99 inatoka serikalini. Katika nchi zote mbili mwenye hati anasubiri uamuzi wa afisi ya ardhi. Uingereza mwenye fleti ana haki ya kisheria ya kumlazimisha mwenye ardhi amrefushie, apende asipende. Kinachobishaniwa ni bei tu, na bei hiyo haitoki sokoni.

Haki hiyo ilitokana na Sheria ya mwaka 1993 ya mageuzi ya lizi na makazi. Mwenye fleti anaongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na kodi ya ardhi inashuka hadi punje ya pilipili manga, lugha ya kale ya mawakili yenye maana ya sifuri. Kwa fidia, anamlipa mwenye ardhi vitu vitatu: kodi ambayo hataipokea tena, thamani ya kuchelewa kwa miaka 90 kuipata fleti yake, na, lizi ikiwa imebakiza miaka 80 au pungufu, nusu ya kile wathamini wanachokiita thamani ya ndoa.

Hiyo ya tatu inataka maelezo. Lizi fupi mkononi mwa mkaaji na haki ya kuirudisha fleti mkononi mwa mwenye ardhi, ukizijumlisha, huwa hazifikii thamani ya fleti yenye lizi ndefu. Zikiunganishwa, thamani mpya inazuka. Sheria inasema faida hiyo igawanywe nusu kwa nusu. Mageuzi ya mwaka 2002 yaliiweka pembeni kwa kila lizi inayozidi miaka 80. Neno “inayozidi” si la bure: mwenye miaka 80 na siku moja amesalimika, mwenye miaka 80 kamili amechelewa.

Chukua fleti ya zamani ya halmashauri ambayo ingeuzwa pauni 300,000 kama ingekuwa na lizi ndefu, na kodi yake ya ardhi ni pauni 10. Ikibakiza miaka 81, na hesabu ikifanywa kwa kiwango cha asilimia 5, gharama ya kurefusha ni takriban pauni 5,900. Karibu yote ni fidia ya mwenye ardhi kucheleweshwa; kodi yenyewe haifikishi pauni 200. Sasa ipunguze hadi miaka 79. Fidia ya kucheleweshwa inapanda kidogo, lakini ndoa imeingia. Tuseme wathamini wanakubaliana kwamba fleti yenye miaka 79 ina thamani ya asilimia 95 ya ile yenye lizi ndefu. Nusu ya thamani ya ndoa inakuwa karibu pauni 4,300, na jumla inafika kama pauni 10,700. Miaka miwili imekula pauni 4,800, na bado mawakili hawajalipwa.

Maneno mawili katika hesabu hiyo yamepita haraka mno: “kiwango” na “tuseme”. Humo ndimo fedha zilimo.

Kiwango kwanza. Mwenye ardhi ataipata fleti baada ya miaka 79. Ili kujua ahadi hiyo ina thamani gani leo, mthamini anairudisha nyuma mwaka kwa mwaka kwa asilimia fulani. Kwa miaka mingi wathamini walibishana juu ya asilimia hiyo, kila upande ukileta shahidi wake, hadi Baraza la Ardhi lilipoamua kesi ya Sportelli mwaka 2006. Baraza halikutazama mauzo ya mitaani. Liliona ushahidi wake umechafuliwa na kuwapo kwa Sheria yenyewe. Likakijenga kiwango kutokana na nadharia ya fedha: asilimia 2.25 kwa mwekezaji asiyebeba hatari, toa 2 kwa sababu bei za nyumba hupanda, ongeza 4.5 kwa hatari, na 0.25 kwa usumbufu wa kusimamia fleti. Jumla asilimia 5. Kesi ile ilihusu mitaa ya kitajiri ya katikati ya London, lakini asilimia 5 ikaenea karibu nchi nzima. Miaka 3 baadaye, katika kesi ya Zuckerman kuhusu fleti za Birmingham, Baraza lilikubali 6, kwa sehemu kwa hoja kwamba huko bei hazipandi kwa kasi ya London.

Ni tofauti ya asilimia moja. Kwa fleti yetu ya miaka 79, haki ya mwenye ardhi kuirudisha fleti ina thamani ya pauni 6,350 kwa asilimia 5, na pauni 3,000 kwa asilimia 6. Riba inayojikunja kwa miaka 79 haina huruma.

Kisha “tuseme”. Ile asilimia 95 inaitwa uwiano, na hakuna mahali pa kuisoma. Sheria inataka thamani ya lizi fupi ikadiriwe kana kwamba haki ya kurefusha haipo. Lakini haki ipo, na kila mnunuzi anaijua, kwa hiyo kila bei inayolipwa sokoni imeshaingiza haki hiyo ndani yake. Mthamini anatakiwa kukisia bei za dunia isiyokuwapo tangu 1993. Kazi hiyo hufanywa kwa michoro ya kampuni kubwa za uthamini, kama Gerald Eve na Savills, pamoja na uzoefu. Katika kesi ya Mundy, iliyofika Mahakama ya Rufani mwaka 2018, upande wa mwenye fleti ulileta mtindo wa kitakwimu uliotengenezwa kwa mauzo ya kabla ya Sheria ya 1993. Ungekubaliwa, wenye lizi fupi wengi wangelipa pungufu. Baraza la Juu, mrithi wa Baraza la Ardhi, liliukataa, na Mahakama ya Rufani ikauacha umekataliwa. Michoro ikabaki.

Kwa fleti yetu, mthamini wa mwenye ardhi akishinda kwa kuushusha uwiano kutoka 95 hadi 92, bei inatoka pauni 10,700 hadi 15,200. Asilimia tatu za makisio, pauni 4,500 za kweli. Wenye fleti wengi hujiandaa kupigania kodi ya ardhi au tabia mbaya za mwenye jengo, mambo yanayowaudhi kila siku. Fedha zao zinaamuliwa na asilimia ambazo hawajawahi kuzisikia. Ndiyo maana mthamini anayezijua kesi za eneo husika ana faida kuliko wakili mwenye barua kali.

Wakili naye ana kazi yake, kwa sababu Sheria ya 1993 imejaa mitego ya tarehe. Mambo yanaanza kwa notisi inayotaja bei anayopendekeza mwenye fleti, na siku ya notisi ndiyo siku ya kuthaminiwa: lizi ikivuka mstari wa miaka 80 wiki moja baadaye, haidhuru tena. Bei inayopendekezwa lazima iwe ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwenye lizi mmoja wa Chelsea, katika kesi inayojulikana kama Cadogan dhidi ya Morris, alipendekeza pauni 100 kwa fleti ya mtaa ambao pauni 100 hazinunui hata pazia. Mahakama ya Rufani ilisema hilo si pendekezo, na notisi ikawa karatasi tupu.

Mwenye ardhi naye hunaswa. Akiacha kujibu kwa notisi ya upande wake hadi siku iliyotajwa ipite, siku ambayo haiwezi kuwa chini ya miezi miwili, mwenye fleti anaweza kudai lizi mpya kwa bei ileile aliyoipendekeza mwenyewe. Hutokea, hasa kwa wamiliki wadogo wasiofungua barua. Akijibu na wakashindwa kuelewana, mwenye fleti ana dirisha la kati ya miezi 2 na 6 tangu jibu hilo kwenda barazani. Likipita, notisi inahesabika imeondolewa, na kwa kanuni za 1993 anangoja miezi 12 kabla ya kuanza upya, huku lizi ikizidi kufupika. Juu ya yote analipa gharama za kuridhisha za wakili na mthamini wa mwenye ardhi. Ni nadra katika sheria kukuta mtu anamlipa mthamini wa mpinzani wake ili athibitishe kwamba anatakiwa kulipa zaidi.

Wapo wanaokwepa mlolongo huo kwa kupatana nje ya Sheria. Barua inakuja kutoka kwa mwenye ardhi: lizi itarudishwa hadi miaka 125, bei nafuu, hakuna baraza. Ubaya hujificha kwenye kodi. Kabla ya 2022, makubaliano ya namna hiyo yaliweza kuleta kodi mpya inayopanda kila baada ya miaka kadhaa. Hatari yake ilidhihirika kwenye nyumba mpya za kampuni ya ujenzi ya Taylor Wimpey, zilizouzwa zikiwa na kodi ya ardhi inayoongezeka maradufu kila miaka 10; mwaka 2017 kampuni hiyo ilitenga pauni milioni 130 kurekebisha mikataba hiyo. Tangu Juni 30, 2022, lizi mpya za makazi haziruhusiwi kuwa na kodi ya ardhi. Kwa anayerefusha kwa hiari, hata hivyo, kodi ya zamani inaweza kuendelea kwa miaka iliyokuwa imebaki. Sifuri inaanza kwenye miaka iliyoongezwa tu. Mwenye miaka 79 anaweza kujikuta akilipa kodi ileile kwa miaka 79, jambo ambalo njia ya Sheria ya 1993 ingelifuta siku hiyohiyo.

Wanaopoteza kila sheria inaporekebishwa wanajulikana kwa majina. Mwaka 1677 Sir Thomas Grosvenor alimwoa Mary Davies, msichana wa miaka 12, aliyekuja na ekari zipatazo 500 za malisho na kinamasi magharibi ya London. Kinamasi hicho ndicho Mayfair na Belgravia za leo. Bunge lilipowapa wenye lizi za nyumba haki ya kununua ardhi mwaka 1967, wadhamini wa mali ya Dyuki wa Westminster, wa ukoo huohuo, walipeleka malalamiko hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg. Walishindwa mwaka 1986. Mahakama iliona Bunge linaweza kuhamisha mali ya mtu mmoja kwa mwingine kwa ajili ya haki ya kijamii. Sheria ya 1993 ilipokuja, chini ya chama cha Conservative, Dyuki wa wakati huo alikihama chama hicho.

Historia ikajirudia. Mei 24, 2024, katika siku za mwisho za Bunge kabla ya uchaguzi, Sheria ya Mageuzi ya Lizi na Umiliki Huru ilitiwa sahihi. Inaongeza miaka 990 badala ya 90, inafuta thamani ya ndoa, na inaweka ukomo wa kodi ya ardhi itakayotumika katika hesabu kuwa asilimia 0.1 ya thamani ya fleti. Wamiliki wakubwa, Grosvenor na Cadogan wakiwamo, wakaenda Mahakama Kuu wakidai mali yao inachukuliwa bila fidia ya haki. Hukumu ya Oktoba 24, 2025 iliwakataa.

Magazeti yakaandika kwamba thamani ya ndoa imekufa. Katika kitabu cha sheria, ndiyo. Kwenye daftari la mthamini, bado. Sharti la kumiliki fleti miaka miwili kabla ya kudai liliondoka Januari 31, 2025, lakini hesabu mpya inasubiri kanuni, na Novemba 2024 waziri wa makazi Matthew Pennycook alilieleza Bunge kwamba Sheria ina kasoro zinazohitaji sheria nyingine kuzirekebisha. Tena, katika mfumo mpya kile kiwango cha Sportelli hakitaamuliwa na baraza. Kitawekwa na waziri. Hadi hukumu ya Oktoba inatolewa, kilikuwa hakijatangazwa.

Mjadala wa hadhara umeliruka jambo hilo, nalo ndilo kubwa. Mwenye fleti ya miaka 79 akingoja miaka 3, naye akakuta ndoa imefutwa na kiwango kimebaki asilimia 5, atalipa kama pauni 7,500 badala ya 10,700. Amefaidika. Lakini kiwango kikiwekwa asilimia 4, atalipa pauni 15,400, bila ndoa na bila mthamini yeyote kukosea hesabu. Asilimia moja ya waziri inaweza kumeza zawadi yote ya Bunge na kudai nyongeza. Kanuni ya kuwapendelea wakaaji ingekipandisha kiwango; shinikizo la wenye ardhi, wakiwamo mashirika ya hisani na mifuko ya pensheni, linavuta upande wa pili. Anayemshauri mwenye fleti angoje kwa sababu “sheria imebadilika” anamshauri acheze kamari juu ya namba ambayo haijaandikwa.

Kamari hiyo si ya kipumbavu kwa kila mtu. Mwenye lizi ya miaka 60, ambaye leo thamani ya ndoa ingekuwa sehemu kubwa ya bili yake, na asiye na mpango wa kuuza, ana sababu ya kuvumilia. Mwenye kuuza au kubadilisha mkopo hana nafasi hiyo: benki nyingi husita lizi inapokaribia miaka 70, na mnunuzi asiyeweza kukopeshwa hushusha bei kuliko mthamini yeyote. Kwake kuna njia ya kati, ambayo mawakili wameitumia kwa miongo kadhaa: muuzaji anatuma notisi kabla ya mauzo kukamilika, kisha anaikabidhi kwa mnunuzi pamoja na fleti, na siku ya kuthaminiwa inabaki ileile ya notisi. Mwenye lizi ya miaka 81 yuko mbali na kamari hii yote. Thamani ya ndoa haimo katika bili yake chini ya sheria ya zamani wala mpya, kiwango cha asilimia 5 anakijua, na kinachomngoja ni pauni 5,900, ada za mawakili wawili na wathamini wawili.